Je, Wajua? Maajabu Yaliyo Mkiani mwa Mbwa

Nenda mnadani Msalato, Dodoma, siku ya Jumamosi, nyama inapochomwa na moshi umetanda, kisha tazama mbwa wanaosubiri mifupa. Yumo mwenye mkia mrefu unaofagia vumbi. Yumo aliyeukunja juu ya kiuno. Yumo kigutu. Na ukitazama vizuri, pengine yumo ambaye mkia wake umepinda ghafla katikati. Mikia hiyo minne ina asili nne tofauti, na kuna ambao unaweza kukuambia kama mbwa huyo anafaa kuzalishwa au hafai. Twende pamoja, kutoka Dodoma hadi Rukwa, Paris na misitu ya Kongo.

Pingili mbili kati ya kila tano ziko mkiani

Hesabu uti wa mgongo wa mbwa: pingili 7 za shingo, 13 za kifua, 7 za kiuno na 3 zilizoungana kwenye nyonga. Jumla 30. Hapo ndipo mkia unapoanza, na mkia mrefu huongeza pingili nyingine 20 au zaidi kidogo. Zile 7 za shingo ni idadi ile ile aliyonayo twiga, na uliyonayo wewe. Mkiani ndiko mbwa anakokuacha mbali, maana wewe umebakiwa na vipingili vinne hivi, navyo vimejificha kwenye kifandugu.

Shika hili kabla ya mengine yote: mkia ni uti wa mgongo unaoendelea. Mfupa uliozaliwa na kasoro mkiani huenda una wenzake wenye kasoro huko juu.

Mwili huanza kujengwa kichwani, mkia hupata zamu ya mwisho

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, lakini mgongo mzima hupangwa mapema, kiinitete kikiwa bado kidogo sana. Chembe za pingili hujitokeza moja baada ya nyingine kutoka upande wa kichwa kwenda nyuma, zikichota kwenye akiba ya seli changa iliyoko ncha ya mwili. Akiba ikiisha mapema, mkia hutoka mfupi. Mgawanyo ukivurugika, pingili moja hutoka nusu, nyingine hutoka na umbo la kabari, na mbili zikagandana kuwa moja.

Kabari moja tu inatosha kuupindisha mkia kwa maisha yote ya mbwa, hata akila vizuri na kutunzwa vizuri kiasi gani.

Herufi moja kati ya bilioni 2.4

Mwaka 2005 wanasayansi walichapisha ramani ya vinasaba vya mbwa, wakitumia jike wa aina ya Boxer aitwaye Tasha. Ramani hiyo ina herufi zipatazo bilioni 2.4. Sasa staajabu: mwaka 2001 ilikuwa imekwisha kugundulika kwamba mbwa wa Pembroke Welsh Corgi anayezaliwa kigutu ameupoteza mkia kwa sababu ya herufi moja tu, katika jeni iitwayo T. Palipopaswa kuwa na C, pamekaa G.

Uchunguzi mwingine wa mwaka 2009 uliikuta herufi hiyo hiyo katika aina 17 za mbwa, lakini aina nyingine sita zenye vigutu hazikuwa nayo kabisa. Kwa hiyo mbwa wawili wenye mikia mifupi wanaweza kufanana kwa macho na kuachana kabisa kwa asili. Ni kipimo cha vinasaba kinachowatenganisha.

Nakala moja hufupisha mkia, nakala mbili huua

Kila mbwa hurithi nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Akipata nakala moja yenye badiliko la T, anazaliwa kigutu na anaishi vizuri. Akipata mbili, hazaliwi kabisa. Mpandishe kigutu kwa kigutu, na tuseme mimba imeanza na viinitete 8: kwa wastani viwili vitakufa mapema tumboni, vinne vitakuwa vigutu, na viwili vitakuwa na mikia mirefu. Mwenye mbwa hataona maiti wala damu. Ataona watoto sita tu.

Hesabu hiyo imeonekana pia kwenye mabanda ya wafugaji. Kwa mbwa wa Swedish Vallhund, wazazi wote wawili wakiwa vigutu, idadi ya watoto kwa uzao mmoja ilipungua kwa asilimia 29. Tiba yake haihitaji hata shilingi: mpandishe kigutu kwa mwenye mkia mrefu. Nusu ya watoto watatoka vigutu, nusu watakuwa na mikia, na hakuna atakayepotea kwa sababu ya jeni hiyo.

Boxer aliyezaliwa bila haja ya kisu

Boxer ni aina ambayo kwa miaka mingi ilikuwa desturi kumkata mkia. Miaka ya 1990 mwanajenetiki wa Uingereza, Bruce Cattanach, alifanya jambo la kijasiri: alichanganya Boxer na Corgi kigutu, mbwa mwenye miguu mifupi na umbo la mbali kabisa. Akarudisha watoto wao kwa Boxer, kizazi baada ya kizazi, akiwachagua kila mara waliozaliwa vigutu. Baada ya vizazi vichache tu alipata mbwa mwenye sura na kimo cha Boxer, na mkia mfupi wa kuzaliwa nao.

Mfano huu unaonyesha nguvu ya kuzalisha kwa mpango: sifa moja ilihamishwa kutoka mbegu moja hadi nyingine, na miguu mifupi ikaachwa njiani.

Panya wa Paris walifungua mlango

Jeni hiyo ya T haikujulikana kwanza kwa mbwa. Mwaka 1927, mjini Paris, mwanasayansi Mrusi, Nadezhda Dobrovolskaya-Zavadskaya, aliwapiga panya miale ya eksirei na akapata ukoo wenye mikia mifupi. Ilichukua miaka 63, hadi 1990, jeni yenyewe kunaswa na kusomwa maabara.

Leo tunajua kwamba jeni hiyo ni mmoja wa mafundi wakuu wanaojenga sehemu ya nyuma ya mwili wa kila mnyama mwenye uti wa mgongo. Panya mdogo wa Paris ndiye aliyeonyesha njia ya kumwelewa kigutu wa leo.

Jeni hiyo hiyo ilitunyima sisi mkia

Mwaka 2024 watafiti wa New York walitangaza kwamba kipande kidogo cha vinasaba kilijipachika ndani ya jeni ya T ya mababu wa nyani wakubwa na binadamu, miaka ipatayo milioni 25 iliyopita. Kipande hicho kinahusishwa na kupotea kwa mikia yetu. Walipoiga badiliko hilo kwa panya wa maabara, baadhi walizaliwa bila mkia, na baadhi walizaliwa na uti wa mgongo ulioshindwa kufunga, tatizo ambalo hata watoto wa binadamu huzaliwa nalo.

Na Tanzania imo katika kisa hiki. Taya la Rukwapithecus, mnyama wa zamani kuliko wote wanaojulikana katika ukoo wetu wa nyani wakubwa, lilichimbuliwa katika bonde la Rukwa na kutangazwa mwaka 2013. Umri wake ni miaka milioni 25.2. Kigutu mwenye badiliko la T na wewe unayemtazama mmepoteza mikia kupitia jeni moja.

Kondoo na paka nao wamo

Kondoo wekundu wa Kimasai wana mkia mnene wenye mafuta, akiba ya kuwavusha kiangazi. Huko China, kondoo wa Hulunbuir wana mkia mfupi, na watafiti wamekuta badiliko katika jeni ile ile ya T. Paka wa Manx kutoka kisiwa cha Man, maarufu kwa kutokuwa na mkia, nao walikutwa mwaka 2013 na mabadiliko kadhaa ya jeni hiyo. Kwao pia nakala mbili huua kiinitete, na hata wenye nakala moja wengine huumwa uti wa mgongo.

Tunachojifunza kwa paka kinamfaa mfugaji wa mbwa: anayechagua mkia ameugusa mgongo mzima.

Mkia uliosokotwa huja na mgongo wake

Bulldog wa Kiingereza na French Bulldog wana mkia mfupi uliosokotwa kwa ndani, na wenye mbwa wengi huupenda. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walikuta chanzo kimojawapo: badiliko katika jeni iitwayo DVL2. Kila Bulldog na kila French Bulldog waliyempima alikuwa nalo. Jeni za kundi hilo hilo zikiharibika kwa binadamu husababisha ugonjwa adimu wa Robinow, wenye uso mpana, viungo vifupi na pingili zenye kasoro.

Yaani kilichosokota mkia kimegusa pia mifupa mingine. Mbwa hawa mara nyingi wana pingili za kabari mgongoni, na wengine hupooza miguu ya nyuma. Mkia wenyewe unapojichimbia ndani ya ngozi, mkunjo hushika unyevu, hunuka na kuota vidonda, hadi daktari wa mifugo alazimike kuukata. Kwa joto la mchana la Dodoma, mkunjo huo unahitaji kusafishwa na kukaushwa mara kwa mara.

Kujikunja si kupinda

Mkia unaojikunja juu ya mgongo hauna ubaya wowote. Pingili zake ni nzima. Zimepangwa tu katika duara, na mbwa anaweza kuunyoosha akitaka. Mbwa wengi wa vijijini wanao. Huko Novosibirsk, Urusi, Dmitri Belyaev alianza mwaka 1959 kuwazalisha mbweha wa manyoya, akichagua wale wapole tu. Hakuchagua mkia hata mara moja. Hata hivyo, kufikia kizazi cha nane hadi cha kumi, baadhi ya mbweha wake walianza kuzaliwa na mikia iliyojikunja, na wengine wenye masikio yaliyolegea.

Sifa husafiri kwa makundi. Ukichagua moja, nyingine hufuata bila kualikwa, na ndiyo maana mzalishaji makini huangalia mnyama mzima.

Kidole gumba chako ni kipimo kizuri

Huhitaji mashine ili kuujua mkia wa mtoto wa mbwa. Mweke mapajani, ushike mkia shinani kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha teremka pole pole hadi nchani bila kuvuta. Pingili nzima huhisika kwa mfuatano, kama shanga kwenye uzi, kila moja ndogo kidogo kuliko iliyotangulia, na kila kiungo kinacheza. Ukikuta mahali palipopinda kwa kona, pagumu, pasipokubali kunyooka, hapo pana jambo.

Kona hiyo inaweza kuwa ya kuzaliwa nayo, au mama alimkanyaga, au mlango ulimbana. Picha ya eksirei hutoa jibu: mfupa wa kabari au pingili zilizogandana humaanisha amezaliwa hivyo, na mvunjiko uliopona huacha alama ya aina yake. Wa kuvunjika haurithishwi. Wa kuzaliwa nao unaweza kurithishwa, na mbwa huyo abaki mlinzi mwema wa nyumba, asiwe mzazi.

Shina la mkia ni jirani wa kibofu

Mishipa ya fahamu inayoamuru mkia hutoka mwisho wa uti wa mgongo pamoja na ile inayoamuru kibofu na njia ya haja kubwa. Mkia ukivutwa kwa nguvu, kama pale gari linapoukanyaga mbwa akikimbia, mishipa hiyo inaweza kuchanika na mbwa akashindwa kuzuia mkojo.

Kwa hiyo mtoto wa mbwa hainuliwi kwa mkia hata siku moja. Na aliyezaliwa na mkia wenye kasoro mbaya karibu na shina achunguzwe pia kama anajisaidia sawasawa, maana tatizo huenda lisiishie kwenye mkia.

Mikia ya panya 901 ilijibu swali

Je, ukikata mkia wa baba na wa mama, watoto watazaliwa vigutu? Miaka ya 1880 Mjerumani August Weismann aliamua kulipima. Aliwakata mikia panya wazazi kwa vizazi vitano mfululizo na kuhesabu watoto 901. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa na mkia mfupi.

Jaribio hilo linamgusa kila anayenunua mbwa. Kigutu aliyekatwa hatazaa vigutu, na kigutu wa kuzaliwa atazaa. Muulize muuzaji ni yupi kati ya hao wawili, kisha omba kuwaona wazazi.

Warumi walikata mkia kuzuia kichaa

Columella, mwandishi Mrumi wa masuala ya kilimo aliyeishi karne ya kwanza, aliandika kwamba mtoto wa mbwa akatwe ncha ya mkia anapofikisha siku 40, na kwamba hiyo ingemkinga na kichaa cha mbwa. Imani hiyo ilisafiri kwa karne nyingi. Ukweli ni kwamba kichaa huletwa na virusi vinavyopita kwenye mate ya mnyama anayeuma, na mkia hauhusiki kwa lolote.

Kinachozuia kichaa ni chanjo. Wataalamu wa afya husema mbwa 7 kati ya kila 10 katika eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kusambaa.

Mikia 500 kwa ajili ya jeraha moja

Wapo wanaosema mkia ukatwe ili usije ukaumia baadaye. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza walipitia kumbukumbu za mbwa 138,212 waliotibiwa kwenye kliniki. Majeraha ya mkia yalikadiriwa kuwapata asilimia 0.23 tu. Kwa hesabu yao, ingebidi kukata mikia ya mbwa 500 hivi ili kuzuia jeraha moja.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, nayo inakataza ukatili kwa wanyama. Kabla ya mtu kuchukua wembe kwa watoto wa mbwa, hatua ya kwanza ni kumwona afisa mifugo wa kata.

Kulia ni furaha, kushoto ni wasiwasi

Mbwa akimwona bwana wake, mkia huelekea zaidi upande wake wa kulia. Akimwona mbwa mgeni mwenye ubabe, huelekea kushoto. Watafiti wa Italia waliligundua hilo mwaka 2007 kwa kuwapima mbwa 30. Miaka sita baadaye wakaonyesha kwamba mbwa wengine huusoma upande huo: wakiona mkia unaoelekea kushoto, mapigo ya moyo wao hupanda.

Hizo ni habari ambazo kigutu hawezi kuzitoa kwa ufasaha. Mkia ukiwa mgumu au umeganda kwa kona, maneno mengi hubaki mdomoni.

Roboti alithibitisha hoja

Huko Kanada watafiti walitengeneza mbwa wa bandia mwenye ukubwa wa mbwa halisi na kumwekea mkia wa kuendeshwa kwa rimoti, mara mrefu, mara mfupi. Wakawatazama mbwa 492 wanavyomkaribia. Mkia mrefu ulipotikisika, mbwa wakubwa walisogea kwa imani zaidi kuliko ulipotulia. Mkia mfupi ulipotikisika au kutulia, kwao haikuwa na tofauti. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2008.

Mbwa wanaokutana kwa ghafla kwenye vichochoro vya Chang'ombe au Nkuhungu, mjini Dodoma, wana sekunde chache za kuamua kama wapigane. Mkia unaosomeka unaweza kuwaepusha na ugomvi.

Kuna mkia unaolegea kwa baridi

Mbwa wa Labrador wanaofanya kazi ya kuwinda huko Uingereza wakati mwingine huamka na mkia unaoning'inia, hauinuki wala hautikisiki. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilichunguza wagonjwa 38 mwaka 2016. Waliopatwa zaidi walikuwa wale wanaofanya kazi, wanaoogelea, na wanaoishi maeneo ya kaskazini yenye baridi. Mara nyingi mkia hupona wenyewe ndani ya siku au wiki chache.

Cha ajabu zaidi, wagonjwa walikuwa na undugu wa karibu zaidi kuliko mbwa wasiougua. Hata tatizo linalochochewa na baridi linaweza kuwa na mzizi katika ukoo, na mfugaji anayeandika kumbukumbu ndiye anayeuona.

Mbwa mwitu wa Ruaha hubeba ncha nyeupe

Ngozi ya mbwa mwitu ina mabaka meusi, ya njano na meupe, na hakuna wawili wanaofanana. Lakini karibu wote wana ncha nyeupe mkiani, inayoonekana kwa urahisi kundi linapopita kwenye nyasi ndefu. Hifadhi ya Ruaha, kusini mwa nyanda hizi za kati, ni moja ya ngome zao. Wana vidole vinne mguu wa mbele, mbwa wa nyumbani ana vitano, na hawazaliani naye.

Damu hawachanganyi, ila magonjwa wanashirikiana: kichaa na homa kali ya mbwa huvuka kutoka bandani hadi porini. Chanjo ya mbwa wa kijiji inalinda pia ncha zile nyeupe.

Kaka na dada: robo nzima ya jeni

Ukimpandisha kaka kwa dada yake, au baba kwa binti yake, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 25, katika kila jeni, wa kupata nakala mbili zinazotokana na nakala ile ile ya mhenga mmoja. Kwa watoto wa binamu wa kwanza ni asilimia 6.25. Kasoro iliyojificha kwa nakala moja huibuka hapo, na mkia uliopinda ni mojawapo ya zinazoonekana mapema kwa macho.

Dodoma inakua haraka tangu Serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016, na nyumba mpya za Kisasa na Iyumbu zinataka mbwa wa ulinzi. Dume mmoja mzuri akitumika mtaa mzima, baada ya miaka mitatu au minne atakuwa anapandishwa kwa mabinti zake mwenyewe. Daftari lenye majina ya baba na mama wa kila uzao linatosha kulizuia hilo.

Mpwapwa ilishawahi kufanya kazi hii

Kilomita mia moja na kitu mashariki mwa Dodoma mjini, wataalamu wa kituo cha mifugo Mpwapwa walitengeneza aina ya ng'ombe katika karne iliyopita. Waliwachanganya zebu wa Tanzania na Boran, Red Sindhi na Sahiwal wenye asili ya Bara Hindi, na Ayrshire wa Uskoti. Walitafuta mnyama atakayetoa maziwa na nyama kwenye nchi kame, na aina hiyo hadi leo inaitwa Mpwapwa.

Walichagua kwa kuangalia maziwa, ukuaji na uwezo wa kuhimili ukame. Kanuni hiyo hiyo inamfaa mbwa: mgongo imara, pumzi nzuri, tabia tulivu na uzazi mwepesi kwanza, umbo la mkia baadaye.

Wamarekani walifunga safari hadi Kongo kutafuta damu

Basenji ni mbwa wa Afrika ya Kati. Mkia wake umejikunja vizuri kiunoni, habweki kama wengine, na kwenye uwindaji wa msituni huvishwa njuga ili mwindaji ajue alipo. Huko Ulaya na Marekani aina hiyo ilikuzwa kutokana na wazazi wachache mno, na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukaenea. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walikwenda vijijini Zaire, ambayo sasa ni Kongo, wakarudi na mbwa wapya. Mwaka 1990 kitabu cha koo cha Marekani kikafunguliwa ili waingizwe.

Walikuwa sahihi kutazama huku. Utafiti wa mwaka 2009 uliowapima mbwa 318 wa vijijini nchini Misri, Uganda na Namibia ulikuta kwamba wengi wao wana asili ya Afrika yenyewe na utajiri mkubwa wa vinasaba. Mbwa wa kienyeji anayelinda ng'ombe wa Mgogo huko Bahi au Chamwino hakuchaguliwa na mtu kwa umbo la mkia wake. Alichaguliwa na jua, kiu, magonjwa na kazi. Ukiwa na jike wa kienyeji mwenye afya, mgongo ulionyooka na tabia njema, una mbegu ambayo wengine wamevuka bahari kuitafuta: mchanje, mwandike daftarini, na mtafutie dume asiye ndugu yake.